Udongo Usiopimwa Si Dawa

Udongo wa mfinyanzi una sifa mbili zinazopingana katika nchi za Afrika Mashariki. Kwa wapangaji wa uchumi ni kitu cha matofali, vyungu na vigae, kisichostahili kutajwa pamoja na dhahabu, tanzaniti au gesi asilia. Kwa baadhi ya wauzaji wa tiba asilia na wa vyakula vya mifugo ni kitu cha ajabu kinachosafisha maji, kinachonyonya sumu tumboni na kuponya ngozi, alimradi kimetoka ardhini kikiwa hakijaguswa na kemikali. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinauchukulia udongo kuwa kitu cha namna moja, ilhali manufaa yake hutegemea aina ya madini yaliyomo, namna madini hayo yalivyobadilishwa ili yafanye kazi fulani, na vipimo vinavyothibitisha kwamba kazi hiyo inafanyika kweli.

Madini ya udongo wa mfinyanzi ni fuwele ndogo mno zilizojengwa kwa matabaka yaliyopangana, na kila tabaka limeundwa kwa mabapa ya atomi, mengine ya silikoni na oksijeni, mengine ya alumini na oksijeni. Katika kaoliniti, ambayo ndiyo madini makuu ya kaolini nyeupe ya vilima vya Pugu huko Kisarawe, bapa moja la silikoni limeshikana na bapa moja la alumini, na matabaka yamekazana kiasi kwamba maji hayapenyi katikati yake. Katika kundi la smektaiti, ambalo montmoriloniti ndiyo mashuhuri zaidi, bapa la alumini limebanwa kati ya mabapa mawili ya silikoni, unene wa tabaka zima ukiwa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na matabaka hayo huachana maji yanapoingia. Kwa sababu hiyo gramu moja ya kaoliniti huwa na eneo la uso la mita za mraba 10 hadi 20 tu, ilhali gramu moja ya montmoriloniti, nyuso zake za ndani zikihesabiwa pamoja na za nje, hukaribia mita za mraba 700, ambazo ni zaidi ya uwanja mzima wa mpira wa kikapu.

Ukubwa wa uso peke yake hautoshi kueleza tabia ya udongo, kwa kuwa uso huo una chaji ya umeme. Smektaiti inapoundwa, aghalabu kutokana na majivu ya volkano yaliyochakaa majini kwa muda mrefu, baadhi ya nafasi za alumini hukaliwa na magnesi, na kwa kuwa ioni ya alumini ina chaji chanya tatu na ya magnesi ina mbili, tabaka hubaki na chaji hasi ya kudumu. Pengo hilo huzibwa na ioni za sodiamu au kalsiamu zinazokaa kati ya matabaka, ambazo hazikufungwa imara na ambazo ziko tayari kuzipisha ioni nyingine zenye chaji chanya. Ndiyo maana udongo mbichi wa aina hii hushika risasi, kadimi na amonia iliyoyeyuka majini, na ndiyo maana vilevile husukuma mbali vitu vyenye chaji hasi. Floraidi ina chaji hasi, fosfati ina chaji hasi, na chembe nyingi za mwani majini nazo zina chaji hasi. Kwa hiyo anayedai kwamba udongo wowote husafisha maji yoyote anapingana na kanuni ya kwanza kabisa ya madini anayoyasifia.

Kubadilisha udongo maana yake ni kuiingilia chaji hiyo, au kuuingilia muundo wenyewe wa matabaka, kwa makusudi. Njia rahisi kuliko zote ni kubadilishana ioni: bentonaiti, yaani mwamba wenye smektaiti kwa wingi, ikiwa ni ya kalsiamu hukandwa na soda ya magadi, kama ile ambayo Kenya imekuwa ikiichimba katika Ziwa Magadi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hadi sodiamu ichukue nafasi ya kalsiamu, na udongo uliokuwa ukivimba kidogo ukavimba mara nyingi, ukafaa kuzibia mabwawa na kutengenezea tope la kuchorongea visima. Njia ya pili ni kuuchemsha katika asidi, ambayo huyeyusha sehemu ya alumini na magnesi na kuacha vinyweleo vingi vilivyo wazi. Udongo wa namna hii ndio unaotumiwa na viwanda vya mafuta ya kula kuondoa rangi na mabaki katika mafuta ya mawese kabla hayajatiwa kwenye madumu. Ni udongo huohuo uliotiwa asidi ambao mhandisi Mfaransa Eugène Houdry aliutumia nchini Marekani katika miaka ya 1930 kupasua molekuli nzito za mafuta ghafi zigeuke petroli, mbinu iliyozipatia ndege za Washirika mafuta bora wakati wa Vita Kuu ya Pili. Njia ya tatu ni kupachika kati ya matabaka ioni zenye minyororo mirefu ya kaboni, na hapo udongo unaopenda maji hugeuka ukapenda mafuta: hunyonya dizeli iliyomwagika, hutia uzito katika rangi na grisi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Toyota nchini Japani walionyesha kwamba kiasi kidogo chake kikichanganywa na nailoni huifanya iwe ngumu na ihimili joto zaidi. Njia ya nne ni moto, nayo itaelezwa mahali pake, kwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa Afrika Mashariki.

Uzito wa mabadiliko hayo unaonekana vizuri katika vita vya nchi za Asia dhidi ya mwani wenye sumu baharini. Korea Kusini, ili kuokoa samaki wa vizimba, ilianza katika miaka ya 1990 kumwaga baharini udongo wa njano wa kawaida, ambao huambatana na mwani na kuzama nao, lakini ilihitaji mamia ya tani kwa kilomita moja ya mraba kwa sababu udongo na mwani husukumana kwa chaji zao zinazofanana. Wanasayansi wa Qingdao nchini China waliupaka udongo kemikali yenye alumini ambayo huigeuza chaji ya uso wake kuwa chanya, na kiasi kilichohitajika kikashuka hadi tani 4 hadi 10 kwa eneo lilelile, mbinu iliyotumika mwaka 2008 kulinda maji ya mashindano ya mashua ya Olimpiki. Malighafi ni ya aina moja na bahari ni za aina moja. Kilichopunguza mzigo kwa zaidi ya mara kumi ni ujuzi uliotiwa ndani ya udongo kabla haujamwagwa.

Mafanikio ya aina hiyo yamezaa tamaa ya kuutumia udongo kuliponya Ziwa Viktoria, ambalo fosforasi kutoka mashambani na mijini imelisha mwani na gugu maji kwa zaidi ya miaka thelathini. Bidhaa inayotajwa ni bentonaiti iliyotiwa lanthanamu, madini adimu ambayo hushikana na fosfati yakafanya mchanganyiko usioyeyuka; bidhaa yenyewe ilibuniwa na shirika la utafiti la taifa la Australia katika miaka ya 1990. Bidhaa hiyo imefanya kazi katika mabwawa na maziwa madogo ya Ulaya na Australia, lakini hesabu yake ni kali: huhitajika takriban kilo 100 kushika kilo 1 ya fosforasi. Ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, linalopokea maji ya Kagera, Nzoia na mito mingine kila siku ya Mungu, halitibiki kwa kipimo hicho, na fedha yoyote itakayotengwa kwa ndoto hiyo itakuwa imenyang'anywa mitambo ya majitaka ya Mwanza, Kisumu na Kampala, ambako sehemu ya tatizo huanzia. Udongo huo una nafasi yake katika bwawa la samaki au la maji ya mji mdogo ambalo vyanzo vyake vimekwisha kudhibitiwa, na nafasi hiyo haina haja ya kutiwa chumvi.

Suala la floraidi linadai uangalifu zaidi, kwa kuwa linagusa maji ya kunywa. Katika ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Singida hadi Nakuru, miamba ya volkano hutoa maji ambayo mara nyingi huvuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na athari zake huonekana kwanza katika meno ya kahawia ya watoto na baadaye katika mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaondoa floraidi lakini haukubaliki kwa kila dini na kila jamii, na kwa hiyo watafiti wamegeukia udongo uliopakwa alumini, chuma au lanthanamu ili uvutie kile ambacho udongo mbichi hukikataa. Ugumu unajitokeza pale ambapo udongo huo, uliofaulu katika maji safi ya maabara, unapokutana na maji halisi ya Meru au Nakuru, ambayo yana magadi mengi, kwa kuwa bikaboneti na haidroksidi zilizomo hugombea nafasi zilezile zinazotafutwa na floraidi. Ugumu wa pili ni kwamba floraidi haina rangi, harufu wala ladha, hivyo chujio lililoshiba huendelea kutoa maji yanayopendeza macho huku yakiwa na sumu ileile ya awali. Uamuzi wa busara ni kuuweka udongo huo katika mtambo wa kijiji unaosimamiwa na fundi, ambaye hupima maji yanayotoka na kuzika mahali salama udongo uliokwisha kazi, na kutoruhusu uuzwe kwa kaya moja moja kama kifaa kisichohitaji kuangaliwa tena.

Mahali ambapo udongo umethibitika zaidi kulinda uhai ni katika kupambana na sumukuvu. Sumu hii, inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, iliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 katika mashariki ya Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu 20 katikati ya Tanzania, hasa mikoa ya Dodoma na Manyara. Molekuli ya sumukuvu aina ya B1 ni bapa na haina chaji, kwa hiyo haivutwi na udongo kwa njia iliyoelezwa hapo juu. Inachofanya ni kujipenyeza kati ya matabaka ya montmoriloniti na kujishikiza kwenye ioni za kalsiamu zilizomo. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, likiongozwa na Timothy Phillips, lilionyesha mwaka 1988 kwamba kuku waliolishwa chakula chenye sumukuvu pamoja na udongo wa namna hiyo hawakudhurika kama wenzao walioukosa. Baadaye, katika wilaya ya Ejura-Sekyedumase nchini Ghana, watu wapatao 180 walijitolea katika jaribio ambamo baadhi yao walimeza vidonge vya udongo uliosafishwa, gramu 1.5 au 3 kwa siku kwa miezi mitatu, na alama za sumukuvu katika damu na mkojo wa walioumeza zikapungua.

Sheria iliyofuata huko Ulaya inafaa kusomwa na kila afisa wa viwango. Umoja wa Ulaya uliporuhusu bentonaiti mwaka 2013 kuwa kiungo cha kupunguza sumukuvu katika chakula cha ng'ombe, kuku na nguruwe, haukuruhusu udongo kwa jina. Uliagiza kwamba smektaiti isipungue asilimia 70, kwamba uwezo wa kushika sumukuvu B1 uthibitishwe kuzidi asilimia 90, na kwamba kiasi kisizidi gramu 20 kwa kilo ya chakula. Masharti hayo yana maana kubwa katika Afrika Mashariki, ambako mahindi yaliyokataliwa sokoni kwa kuzidi kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, hayatupwi, bali mara nyingi huishia katika pumba na chakula cha kuku, na sumu ya pumba hurudi kwa binadamu kupitia maziwa ya ng'ombe aliyezila. Udongo uliopimwa ungekata njia hiyo kwa gharama nafuu. Hata hivyo udongo huo hauondoi fumonisini kwa kiwango cha kutegemewa, nayo ni sumu nyingine ya kuvu inayopatikana katika mahindi yaleyale, na wala hauyafanyi mahindi mabovu kuwa mazuri. Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda mwezi Machi 2021 kwa sababu ya sumu za kuvu, wafanyabiashara walijifunza kwa hasara kwamba dawa ya kwanza ni kukausha na kuhifadhi nafaka inavyopaswa. Udongo ni ngao ya pili, na mahali pake ni horini kwa mifugo, wala si kwenye unga wa ugali.

Kinyume cha ngao hiyo huuzwa katika karibu kila soko la pwani na bara, nao ni udongo wa kula unaopendwa na wajawazito. Kumshutumu mama anayeutafuna hakusaidii kitu, kwa kuwa hamu hiyo ni ya kale na aghalabu huenda pamoja na upungufu wa damu, lakini ukweli lazima usemwe: vipande hivyo havijulikani vina madini gani, vipimo katika nchi mbalimbali vimekuta risasi ndani ya udongo wa aina hiyo, na udongo wenye uwezo wa kushika ioni chanya unaweza pia kushika chuma ambacho mwili wa mama unakihitaji. Kati ya kidonge cha Ghana na kipande cha sokoni, vyote ni udongo, na kinachovitenganisha ni maabara.

Njia ya nne ya kubadilisha udongo, yaani moto, ndiyo inayobeba ahadi kubwa kuliko zote. Kaoliniti ikichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi hupoteza maji yaliyofungwa katika muundo wake, mpangilio wa matabaka ukavurugika, na kinachobaki huwa na hamu kali ya kuungana na chokaa na kuwa kigumu kama jiwe. Saruji ya kawaida hutegemea klinka, ambayo hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzi 1,450, na kwa kuwa mawe hayo yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapoungua, tasnia ya saruji hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Watafiti wa Uswisi, Cuba na India wameonyesha kwamba nusu ya klinka inaweza kuondolewa na nafasi yake kujazwa na asilimia 30 ya udongo uliochomwa, asilimia 15 ya mawe ya chokaa yasiyochomwa na jasi kidogo, na utoaji wa hewa ya ukaa ukapungua kwa hadi asilimia 40 bila kupoteza nguvu ya saruji. Udongo unaohitajika hauna haja ya kuwa safi kama wa vyombo vya kauri; ukiwa na kaoliniti asilimia 40 unatosha, na udongo mwekundu wa namna hiyo, uliotokana na miamba kuoza katika joto na mvua, umetapakaa katika ukanda wa tropiki. Kwa Uganda na Rwanda, ambazo huagiza sehemu ya klinka yake na kuisafirisha kutoka pwani, faida ya nauli peke yake ingetosha kuanzisha hesabu.

Wanaohofia kwamba huu ni ugeni usiojaribiwa wanapaswa kuitazama Oman. Mafundi wa huko, kwa karne nyingi, wamechoma udongo, wakausaga, wakauchanganya na chokaa, wakapata saruji ya kienyeji iitwayo saruj, ambayo ndiyo iliyozibia mifereji ya maji iitwayo falaji na kusimamisha kuta za ngome, na baadhi ya falaji hizo, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado zinapitisha maji. Sayansi ya leo imeongeza kujua ni joto gani, ni muda gani na ni madini gani.

Kujua huko hakuhitaji mitambo ya gharama kubwa katika hatua ya kwanza. Ili kupima bentonaiti, mtaalamu huchukua gramu 2 za unga mkavu, huzinyunyiza kidogokidogo katika silinda ya kioo yenye mililita 100 za maji, na kuiacha kwa saa 24. Udongo wa sodiamu hupanda hadi alama ya mililita 24 au zaidi, ule usiofaa hubaki umelala chini. Kipimo cha pili hutumia rangi ya methilini ya bluu: rangi huongezwa kwa vipimo vidogo katika maji yenye udongo, na baada ya kila kipimo tone moja huwekwa kwenye karatasi ya kuchujia, ambapo mwanzoni huonekana doa jeusi la bluu lililozungukwa na maji yasiyo na rangi, hadi itokee duara ya bluu hafifu pembezoni mwake isiyotoweka, hapo udongo umeshiba, na kiasi cha rangi kilichotumika huonyesha nafasi zake za kubadilishana ioni. Vipimo hivi viwili viko ndani ya uwezo wa maabara ya shule ya sekondari yenye mizani nzuri, na baada yake ndipo sampuli chache zilizofaulu hupelekwa kwenye mashine ya eksirei katika chuo kikuu.

Pamoja na hayo, madini yenyewe yamekuwa yakichimbwa kwa mazoea. Sepioliti ya Sinya, wilayani Longido, madini ya nyuzinyuzi yenye vinyweleo vingi ambayo Hispania huyatumia kunyonya mafuta sakafuni na kutia uzito katika rangi, ilijulikana zaidi katikati ya karne iliyopita kwa kuchongewa viko vya kuvutia tumbaku vilivyouzwa ng'ambo. Hakuna aibu katika kiko kizuri; hasara ni kuijua rasilimali kwa matumizi ya aina moja tu kwa sababu matumizi mengine hayakupimwa.

Serikali za eneo hili zina mambo matatu ya kufanya, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni taasisi za jiolojia kuchapisha ramani za udongo zenye takwimu za madini yaliyomo na uwezo wake, badala ya kuandika neno udongo peke yake. La pili ni mashirika ya viwango ya Tanzania, Kenya na Uganda kutoruhusu bidhaa yoyote ya udongo inayodai kushika sumu iuzwe kwa ajili ya mifugo au maji mpaka uwezo wake uthibitishwe kwa namba, na kudai pia maelezo ya mahali udongo uliotumika utakapozikwa, kwa kuwa udongo ulioshika sumu huwa taka yenye sumu, na ule uliopachikwa minyororo ya kaboni unaweza kuwadhuru samaki. La tatu ni kuelekeza fedha za utafiti kwanza kwenye saruji na chakula cha mifugo, ambako ushahidi umekamilika, kisha kwenye mitambo ya floraidi ya vijiji, na kuacha kabisa ahadi za kulitibu Ziwa Viktoria kwa magunia. Mnunuzi naye, awe mfugaji wa kuku au kamati ya maji ya kijiji, ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha yake: udongo huu umepimwa wapi, na umeshika kiasi gani? Muuzaji asiyekuwa na jibu asinunuliwe.